Marenga Mkali: Lugha, Maji ya Chini ya Ardhi na Urithi wa Uwanda wa Juu wa Dodoma

Katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, baina ya Mpwapwa na mpaka wa mashariki wa Ugogo, palitajwa nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali. Richard Burton aliivuka mwaka 1857, naye Henry Stanley akaivuka mwaka 1871. Wote wawili walieleza kwamba maana ya jina hilo ni maji machungu au maji ya chumvi. Kwa mwanaisimu, jina hili lina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, marenga si neno la Kiswahili. Ni malenga la Kigogo, yaani maji, wala halihusiani na malenga wa Waswahili atungaye mashairi, ingawa sauti zao ni zilezile. Pili, upatanisho wa kisarufi umevunjwa. Nomino hiyo ni ya ngeli ya 6, hivyo ingetarajiwa isemwe marenga makali. Ni dhahiri kwamba mwenyeji hangelisema hivyo, wala Mswahili wa Pwani anayetunza sarufi yake. Jina lina dalili zote za kuzaliwa safarini, midomoni mwa wapagazi wa makabila mbalimbali, ambao haja yao ilikuwa kujua maji yako wapi na yananyweka au hayanyweki. Sarufi ilingoja.

Hapo jirani pana Chunyo, mahali ambapo misafara ilichota maji kabla ya kuingia nyikani. Maji hayo yalisifika kwa chumvi yake. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka neno chunyu, ile chumvi inayoganda mwilini baada ya kuoga baharini, na munyu, jina la kale la chumvi yenyewe. Maneno ya mzizi huu yamesambaa katika lugha nyingi za Kibantu, na si ajabu yakikutwa mbali na bahari.

Neno jingine la njia hiyo ni hongo. Leo kamusi zinalifasiri kuwa ni rushwa, na hakuna anayelitamka kwa fahari. Katika Ugogo ya wakati ule lilikuwa ni ushuru uliotozwa hadharani na mtemi, kwa vitambaa, shanga na waya, kabla ya msafara kuruhusiwa kupita na kutumia visima. Wasafiri wa Kizungu waliulalamikia sana ushuru huo, na malalamiko yao yamerudiwa katika vitabu vingi bila kuulizwa upande wa pili. Msafara wa mamia ya watu na wanyama ungeweza kukausha kwa siku moja kisima ambacho kijiji kilikitegemea hadi masika. Aliyetoza hongo alikuwa akiuza kitu adimu kuliko vyote katika nchi yake.

Uadimu huo una sababu za kijiografia. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, juu ya miamba ya kale ya matale ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka. Uwezo wa jua na upepo wa kukausha maji unazidi kiasi hicho zaidi ya mara mbili. Mito hutiririka kwa muda mfupi tu, kisha hubaki makorongo ya mchanga. Mto Bubu hauifikii bahari kamwe. Huishia katika kinamasi cha Bahi, na maji yakikauka huacha chumvi.

Hata hivyo, chini ya ardhi mna maji. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, limekuwa likiupatia mji huo maji ya visima virefu tangu miaka ya 1950, na kina cha maji yake kimepimwa tangu wakati huo. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni chache mno katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55, na matokeo yake yalipingana na fikra ya kawaida kwamba kila masika huongeza akiba kidogokidogo. Katika miaka mingi mvua haiongezi chochote: hulowesha udongo, mimea ikanywa, jua likachukua yaliyobaki. Akiba hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, hasa ile inayoambatana na El Niño. Msimu wa 1997/98, unaokumbukwa Afrika Mashariki kwa mafuriko na madaraja yaliyobebwa, ndio ulioinua maji ya Makutupora kuliko mwingine wowote katika kipindi hicho. Njia kuu ya maji hayo ni vitanda vya mito ya msimu: korongo linapotiririka kwa majuma mengi, maji hupenya mchangani na kuteremka hadi kwenye matale yaliyooza na kupasuka.

Hapa istilahi ina uzito wake. Kwa Mswahili wa mjini, mbuga ni mahali pa kutazama wanyama. Kwa mkulima wa bara, mbuga ni tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika. Wanajiolojia walilichukua neno kwa maana hii ya pili, nao walifanya vyema. Mtu anayejua tofauti ya mbuga na korongo anajua pia wapi maji yatatuama na wapi yatazama.

Jina la mji lenyewe linahusishwa na kuzama. Masimulizi yanayopendwa husema kwamba tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, akanasa topeni, na wenyeji wakasema idodomya, amezama. Kisa cha tembo kina ladha ya masimulizi ya asili ya majina, ambayo mara nyingi hutungwa baada ya jina. Lakini maana ya kitenzi haikubuniwa, na kufanana kwake na didimia la Kiswahili kunastahili uchunguzi. Kwa vyovyote, jina linataja ardhi yenye maji chini yake.

Kaskazini zaidi, huko Kondoa, urithi wa uwanda huu umechorwa juu ya mawe. Mapango yenye michoro, zaidi ya 150, yamo kwenye miteremko inayolitazama Bonde la Ufa. Mary Leakey alinakili mengi kati yake mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Baadhi ya mapango, likiwamo Mungumi wa Kolo, yameendelea kuwa mahali pa matambiko, ya kuomba mvua pamoja na mengine. Kuyaita magofu ni kosa.

Kondoa hiyohiyo ilipata sifa nyingine kwa makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Mimea ilirudi. Wafugaji waliolipa gharama ya ufanisi huo hawatajwi sana katika taarifa zake.

Mwaka huohuo wa 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi kwenda Dodoma, na tangu 2016 uhamisho huo umetekelezwa kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo la mji. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Nyumba zao hujengwa kwa mchanga wa makorongo, na wengi wa watoto wao watakua wakizungumza Kiswahili, si Kigogo. Visima vya Makutupora huvutwa kila siku, ilhali msimu mwingine kama ule wa 1997/98 hauna tarehe katika kalenda.