Dawa ya "Nano" na Maradhi ya Ubongo: Tumlete Mzee Texas?

Ndugu zangu, jamaa walioko Maskati na Dubai hunipigia simu hapa Dallas kuniuliza: "Mzee anasahau hata majina ya wanawe. Tumesikia huko kuna dawa ya nano inayoingia ubongoni. Tumlete?" Mimi ni karani mstaafu, si daktari, lakini suali hili nimelisomea.

Mishipa ya damu ya ubongo si kama ya pahala pengine. Seli za kuta zake zimeshikana barabara, na dawa nyingi hazipenyi. Ulinzi huo hutukinga na sumu na vijidudu, lakini huizuia dawa pia.

Ndipo wataalamu wakafikiri kuifunga dawa ndani ya chembe za mafuta, ndogo mara mamia kuliko unene wa unywele. Njia hiyo ni ya kweli: chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa hivyo. Kabla yake, mwaka 2018, Marekani iliidhinisha Onpattro, dawa ya maradhi ya neva yanayotokana na protini mbovu ya ini.

Taabu iko kwenye anwani. Chembe hizo zikitiwa katika damu, nyingi huishia kwenye ini. Onpattro ilifaa kwa kuwa huko ndiko ilikotakiwa. Mwaka 2020, kundi la Daniel Siegwart wa UT Southwestern, hapa Dallas, lilionesha kwa panya kwamba ukiongeza mafuta ya aina ya tano juu ya zile nne za kawaida, mzigo unaweza kupelekwa kwenye mapafu au bandama. Bahasha ni ileile, anwani nyengine. Ubongo haukuwamo katika orodha hiyo. Wapo wanaoutafutia njia, lakini kazi kubwa bado iko kwa wanyama.

Houston nako kuna MD Anderson, inayopokea wagonjwa wengi kutoka nje, lakini hiyo ni spitali ya saratani, si ya usahaulifu.

Basi mkiambiwa iko dawa ya nano ya kurudisha kumbukumbu, ulizeni: imeshajaribiwa kwa binadamu? Jaribio limesajiliwa wapi? Na kwa nini mnatakiwa kuilipia? Kwa kawaida, dawa ya majaribio mgonjwa hauziwi.

Kabla ya kuuza nyumba au kukata tikiti, mpelekeni mzee kwa daktari wa neva hapo hapo mlipo. Usahaulifu mwengine hutokana na tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, au dawa anazomeza kila siku. Hayo hupimwa, na yana tiba leo.