Bunduki ghali haimfanyi mtu kuwa mlenga shabaha

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wanaoutamani mchezo wa kulenga shabaha, kwamba hatua ya kwanza ni kutafuta bunduki, tena ile ya bei ya juu. Dhana hii ni potofu, na aghalabu humwingiza mwanagenzi katika gharama na hatari zisizo na tija. Hatua ya kwanza ni kutafuta mwalimu. Bunduki huja mwisho.

Ushahidi tunao katika Michezo ya Olimpiki ya Athens, mwaka wa 2004. Miezi michache kabla ya michezo hiyo, Mmarekani Matthew Emmons alikuta bunduki yake imeharibiwa makusudi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliazima bunduki ya mwenzake, akaenda nayo Athens na kunyakua dhahabu ya kulenga akiwa amelala kifudifudi, umbali wa mita 50. Siku mbili baadaye, katika shindano la mikao mitatu, aliongoza hadi risasi ya mwisho. Akalenga, akafyatua, na risasi ikapiga shabaha ya jirani yake! Hakupewa alama yoyote kwa risasi hiyo, akaporomoka hadi nafasi ya nane. Ustadi haukumtoka katika siku hizo mbili. Kilichomponyoka ni umakini wa nukta moja tu.

Basi mwanagenzi aanzie wapi? Mlango mwepesi ni bunduki ya upepo, itumikayo katika shindano la mita 10. Vidonge vyake vya risasi vina kipenyo cha milimita 4.5, na bunduki yenyewe hairuhusiwi kuzidi kilo 5.5. Mchezaji hulenga akiwa wima, bila ya kuegemea chochote. Alama ya kumi, katikati ya shabaha, ni kitone chenye upana wa nusu milimita. Katika mchujo wa Olimpiki hufyatuliwa risasi 60 kwa dakika 75. Mwenye pupa hana lake.

Kiini cha mafunzo ni mwili wala si chuma. Mlenga shabaha hujifunza kusimama ili uzito wa bunduki ubebwe na mifupa, kwa maana misuli huchoka na kutetemeka. Hujifunza kutoa pumzi, kutulia kwa sekunde chache, kisha kukibinya kifyatuo taratibu bila ya kuitikisa bunduki. Sehemu kubwa ya mazoezi hayo hufanywa pasipo risasi, chini ya macho ya mwalimu.

Ama vifaa, navyo vina utaratibu wake. Kwanza ni miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Pili ni glavu ya mkono unaoibeba bunduki. Tatu ni koti gumu la turubai na ngozi, linaloutuliza mgongo. Bunduki yenyewe iwe ya klabu hadi mwalimu aweze kukadiria kitako cha urefu gani kinamfaa mwanafunzi wake. Anayeinunua mapema ni kama ashonaye nguo kabla ya kupimwa.

Fauka ya hayo, hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila ya cheti. Mzazi au mwalimu mwenye kijana mwenye ari hii na amwelekeze katika klabu iliyoidhinishwa, wala asithubutu kumtafutia silaha vichochoroni. Huko atafunzwa kanuni tatu kabla ya lolote: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi; mtutu uelekezwe upande ulio salama daima; na kidole kikae mbali na kifyatuo hadi wakati wa kufyatua.

Kijana asiyeweza kuzitii kanuni hizo hafai kukabidhiwa bunduki, iwe ya bei ya juu au ya kuazima. Anayezitii atakuwa amejifunza subira na utulivu, mambo ambayo walimu wetu huyatafuta kila siku darasani.