Sura ya Sita: Kiti Kabla ya Pedeli

Kila inapotajwa habari ya gari la porini kwa dereva mwenye ulemavu wa viungo, swali la kwanza huwa lilelile: atakanyagaje? Swali hilo lina majibu mengi, na mengine ni ya zamani mno. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyepooza miguu mwaka 1921, alikuwa na Ford ya mwaka 1936 iliyofungwa vyuma vya kuendeshea kwa mikono, na aliiendesha mwenyewe kwenye barabara za shamba lake. Mwaka 1946 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapa askari waliopoteza miguu vitani hadi dola 1,600 kila mmoja za kununulia gari. Kwa hiyo suala la kukanyaga lilipatiwa jawabu kabla nchi zetu hazijapata uhuru, na anayelishangaa leo amechelewa. Jambo ambalo halijaeleweka, hata na mafundi wenye mikono mizuri, ni kwamba kwenye njia mbovu mguu wa dereva hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukanyaga. Ya pili ni kuushikilia mwili usiyumbe, na hiyo ndiyo inayosahaulika wakati wa kulibadilisha gari.

Kabla ya kufika huko, nizipitie haraka dhana zinazoziba njia. Wapo wanaoamini kuwa dereva mwenye ulemavu ana mkosi, kwamba gari lake halikosi kupinduka, na kwamba hirizi nyuma ya kioo au damu ya kuku kwenye tairi itasaidia. Sitabishana nao: kama damu ya kuku ingezuia ajali, magari ya wachinjaji yasingekuwa na mikwaruzo. Kuna dhana nyingine inayovaa koti la busara: kwa nini asiajiri dereva? Wanaouliza hivyo hawamuulizi daktari wa mifugo mwenye miguu yake miwili, anayekwenda bomani usiku ng'ombe anapokwama kuzaa, wala bwana shamba anayezungukia vijiji kumi kwa wiki. Kazi hizo zinamtaka mtu aondoke anapohitajika, na mshahara wa dereva wa kudumu ungemeza nusu ya kipato. Tena aliyefundishwa vizuri, katika gari lililofungwa vizuri, hana sababu ya kimaumbile ya kumtegemea mwingine. Clay Regazzoni, dereva wa Uswisi aliyepooza baada ya ajali ya Formula 1 mwaka 1980, alikwenda kwenye mbio za Paris–Dakar akiendesha kwa mikono. Philippe Croizon, Mfaransa asiye na mikono wala miguu, aliendesha Dakar ya mwaka 2017 kwa kijiti kimoja cha kuongozea. Hoja ya "hawezi" ilizikwa kwenye mchanga ule.

Sasa turudi kwenye mguu. Mtazame dereva asiye na ulemavu anaposhuka kwenye korongo. Mguu wa kushoto ameukita sakafuni, goti la kulia limeegemea mlango, misuli ya tumbo na mgongo imekaza, na kiuno kimejibana kitini. Hajui kwamba anafanya yote hayo. Aliyeumia uti wa mgongo juu, usawa wa kifua, hana hata kimoja kati ya hivyo: miguu haikiti, tumbo halikazi. Kichwa, mikono na kiwiliwili ni kama theluthi mbili ya uzito wa mtu, kwa hiyo mwenye kilo 70 ana zaidi ya kilo 45 zinazosimama juu ya nyonga zisizoshikiliwa. Gari likiinama ubavu kwa nyuzi 25, pembe ambayo fowili nzuri huivumilia, sehemu ya uzito huo inayomvuta upande inakaribia kilo 20. Ni kama mtu amemfunga begani ndoo ya maji iliyojaa, kisha akamwambia aendelee kukata kona. Na kitu pekee anachoweza kukishika asianguke ni usukani. Kuanzia hapo usukani unageuka kuwa nguzo ya kuegemea, na gari linakwenda liendako.

Nilikusudia kuipanga sura hii kwa utaratibu: kwanza vyuma vya mkono, pili giaboksi, tatu usukani, mwisho kiti. Mpangilio huo unaniharibikia hapohapo kwenye kwanza, kwa sababu chuma cha mkono kinachopendwa kuliko vyote ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini kiti hakipaswi kuwa cha mwisho. Nazungumzia wenzo wa sukuma-vuta: ukiusukuma mbele unafunga breki, ukiuvuta nyuma unaongeza mafuta. Ni rahisi, hauhitaji umeme, na mtu aliyeshtuka husukuma kwa silika, yaani hufunga breki. Kwenye lami sina neno juu yake. Lakini upeleke kwenye mashimo. Dereva anavuta kidogo ili atoke shimoni. Gari linaruka mbele, mwili unarushwa nyuma, na mkono ulioshika wenzo unakwenda nyuma pamoja na mwili. Amevuta zaidi bila kukusudia. Gari linaruka zaidi, mwili unarudi nyuma zaidi. Kwa kufumba na kufumbua gari linajikanyagia mafuta lenyewe. Magurudumu ya mbele yakidumbukia shimo linalofuata, mwili unatupwa mbele, mkono unasukuma, breki zinafunga katikati ya shimo. Anayetazama kwa nje atasema dereva hajui kuendesha. Dereva anajua sana. Mwili wake umeingizwa kwenye mzunguko wa mashine, na kila mtikisiko unarudi kwake ukiwa mkubwa zaidi.

Mafundi wengi hutibu tatizo hili kwa kubadilisha wenzo. Wapo wanaofunga wa sukuma-bonyeza, ambao mafuta huongezwa kwa kubonyeza chini kuelekea pajani. Huo ni bora kidogo, maana mkono unapumzika juu ya paja na kurushwa nyuma hakugeuki kuwa mafuta. Lakini gari likidunda juu na chini, mkono unadunda nao. Wapo wanaofunga pete ya mafuta juu ya usukani. Nayo ina uzuri wake barabarani, ila usukani wa fowili ya zamani huzungushwa zaidi ya mara tatu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kwenye tope unapoukimbiza huku na huku ni vigumu kuishika pete kwa kipimo kilekile. Chagua wenzo wowote utakao, mzunguko ule utabaki kwa kiasi fulani, kwa sababu chanzo chake ni kiwiliwili kinachotembea. Kifunge kiwiliwili, na hata wenzo wa sukuma-vuta unatulia. Mkanda mpana wa kifua au mkanda wa pointi nne, kiti chenye mbavu ndefu za pembeni, mgongo ulioinamishwa nyuma kidogo, na mahali pa kuegemeza kiwiko ili mkono uongozwe na kiganja badala ya bega: gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko ya vifaa vya umeme vinavyotangazwa kwa mbwembwe, na faida yake porini ni kubwa kuliko yote.

Kuna wanaopinga kwamba mkanda wa kifua utamzuia dereva kutoka haraka gari likizama mtoni au likishika moto. Pingamizi ni la haki, na jibu lake ni kifungo kimoja cha kufungulia, kilichokaa mbele, kinachofunguka kwa pigo la kiganja, na mazoezi ya kukifungua gari likiwa limeinama. Lakini pia tupime hatari kwa ukubwa wake: mtu asiyefungwa kifua anaweza kuuachia usukani kila siku ya safari, na mto uliofurika ni wa kuepukwa na kila dereva, mwenye miguu na asiye nayo.

Ukishamfunga mtu imara, unakutana na tatizo la pili, na hapa ndipo Isidre Esteve anapofaa. Mhispania huyu alikuwa mwendesha pikipiki wa Dakar hadi alipovunjika uti wa mgongo mashindanoni mwaka 2007. Mwaka 2009 alirudi Dakar, safari hii kwa gari, vidhibiti vyote vikiwa mikononi. Aliumizwa na kiti. Asiye na hisia chini ya kiuno haambiwi na mwili wake kwamba amekalia mfupa mahali pamoja kwa saa nyingi. Damu haipiti, nyama inakufa, na kidonda kinachoanza kama wekundu kinaweza kufika kwenye mfupa. Vidonda hivyo vilimweka nje kwa muda mrefu. Aliporudi Dakar mwaka 2017 alikuja na mto wa kiti uliotengenezwa mahsusi kuvizuia, na ameendelea kushiriki miaka iliyofuata. Mtu ambaye angeweza kupata wenzo wowote duniani aliona kwamba kinachomzuia ni kitu cha kukalia. Sijui ushahidi gani mwingine fundi anautaka.

Mto wenyewe una ukinzani ambao hauishi. Ngozi inataka kitu laini. Uthabiti unataka kitu kigumu. Mto mnene wa hewa unaosifiwa sana kwenye kiti cha magurudumu humfanya dereva ayumbe kama mashua gari linapolala ubavu. Kiti chenye springi, ambacho wauzaji wa vifaa vya porini hukisukuma kama dawa ya kila kitu, ni kibaya zaidi: kiti kinapanda na kushuka, wenzo umefungwa kwenye bodi na haupandi, basi kila mdundo unakuwa amri ya uongo kwa mkono. Suluhisho la kiasi ni mto mwembamba unaofuata umbo la makalio, uliotiwa kwenye kiti kigumu, na ulaini utafutwe chini ya gari: upepo wa matairi upunguzwe, springi zilingane na mzigo. Na dereva anyanyue makalio kwa mikono au ajiinamishe kila baada ya muda mfupi, gari likiwa limesimama. Aangalie pia miguu ilipo. Sakafu ya gari kuukuu juu ya giaboksi na bomba la moshi hupata joto la kuunguza, na mguu usio na hisia utaungua kimyakimya. Kipande cha kuzuia joto na kamba ya kushikilia miguu isiteleze chini ya pedeli ni vitu vya lazima.

Giaboksi nalipitia kwa ufupi. Otomatiki ndiyo, lakini si otomatiki yoyote. Ile ya zamani yenye konveta ya mafuta hutambaa polepole bila kuzima injini na huongeza nguvu pale gari linapoanza kuvuta, na hicho ndicho unachokitaka kwenye mlima wa mawe. Zile za mkanda, zilizojaa kwenye magari madogo ya kifamilia yanayojiita fowili, hupata joto kwenye mchanga na mara nyingi hazina gia nzito ya pili. Prado au Jimny ya otomatiki itamfaa mtu kuliko gari jipya linalong'aa lisilo na gia hiyo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile mkonga inayopendwa mbugani, kwa miongo mingi imekuja kwetu na gia za mkono. Klachi inaweza kufungiwa mtambo wa umeme, ila kagua kwanza habu za mbele. Zile zinazofungwa kwa kuzungusha kwa mkono humtaka dereva ashuke kwenye tope kila anapohitaji magurudumu manne, na huyo dereva hashuki.

Mtindo wa kuinua magari ndio unaoniudhi kuliko yote. Kiti cha magurudumu kina urefu wa takriban sentimita 50. Kiti cha fowili ndefu kinakaribia 90. Pengo hilo mtu analivuka kwa nguvu ya mabega yake, mara kadhaa kwa siku, mabega yaleyale anayoyategemea kwa kila kitu maishani. Halafu anakuja mjuaji wa mitandaoni na springi za kuongeza sentimita kumi nyingine ili gari lipendeze pichani, na kwa hisani hiyo hiyo anapandisha kitovu cha uzito ili lipinduke kwa urahisi. Fedha hiyo inunue ubao wa kukunja wa kuhamia, mshikio imara kwenye nguzo ya mlango na winchi ndogo ya kupakia kiti.

Limebaki la breki, na hapa mchezo hauruhusiwi. Breki za gari husaidiwa na ombwe. Kwenye dizeli hutoka kwenye pampu ndogo, mara nyingi mgongoni mwa alternata. Injini ikizima mteremkoni, unabakiwa na msaada wa mikanyago michache, kisha ni nguvu tupu. Kanuni za kimataifa huruhusu breki za gari dogo kupimwa kwa nguvu ya mguu hadi nyutoni 500, sawa na kilo 50 hivi. Mguu unaziweza, mkono ulionyooshwa, kwa wengi, hauziwezi. Wenzo wa kuzidisha nguvu mara mbili hudai mkono usafiri mara mbili, kwa hiyo ni lazima upimwe kwa urefu wa mkono wa mtu yule aliyekaa kwenye kiti kile. Nondo iliyochomelewa pedelini kwa kukadiria, au fimbo ya kutembelea inayotumika kubonyezea, itavunjika au itateleza siku ileile inapohitajika.

Basi, wewe unayepeleka gari lako kwa fundi, kabla hujalipa mdai jaribio moja: akukalishe, akufunge, alaze gari ubavu kwenye kilima, azime injini, kisha uachie usukani na ufunge breki kwa mkono mmoja mara tano mfululizo. Ukiyumba au breki ikikushinda, kazi haijaisha. Na fundi anayekupimia pedeli kabla hajakupimia kiti, muage kwa adabu, utafute mwingine.