Fahamu: Mgeni mkaazi anavyofungua akaunti ya benki Morogoro

Ni nani huyu?
Ni raia wa kigeni anayeishi nchini kwa kibali cha ukaazi cha Idara ya Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji, B la walioajiriwa, na C la wanafunzi, watafiti na wamisionari. Baadhi ya wa daraja C mjini Morogoro wako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au wanatafiti misitu ya milima ya Uluguru.

Benki huomba nini?
Kwa kawaida ni pasipoti, kibali, picha na barua ya utambulisho ya mwajiri au chuo. Baadhi huongeza namba ya mlipakodi au barua ya serikali ya mtaa.

Kwa nini masharti haya?
Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inazitaka benki kumjua mteja na chanzo cha fedha zake.

Shilingi au dola?
Zote zinaruhusiwa. Hata hivyo, tangu Machi 2025 bidhaa na huduma za ndani, ikiwemo kodi ya nyumba, hulipwa kwa shilingi.

Kumbuka
Kibali kikiisha, peleka nakala ya kibali kipya benki mapema.