Udongo Uliochoka

Katika vilima vya Bushi, pande za Kabare na Walungu, mwenye macho huona jambo la kushangaza. Migomba inayozunguka nyumba ina majani mapana na mikungu mizito. Lakini tukienda hatua mia mbili tu, hata shamba la maharagwe, twakuta udongo mwekundu na mimea ya manjano. Mvua ni ile ile. Tofauti yatoka wapi? Kila siku maganda, majivu na takataka za zizi hutupwa migombani. Shamba la mbali huvunwa msimu kwa msimu, wala halirudishiwi kitu.

Wazee wetu waliliacha shamba lipumzike miaka kadhaa. Leo watoto ni wengi, mashamba madogo. Hata ng'ombe, waliokuwa akiba ya mbolea, wengi waliporwa katika vita vilivyoanza mwaka 1996. Lakini dende wangali wanalala jikoni karibu na moto. Samadi yao ni njema sana, nasi tunawashangaa wale wanaoifagia na kuitupa njiani!

Basi tuchimbe shimo kivulini. Tutie majani makavu, majani mabichi, samadi na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka. Tunyunyize maji, tufunike kwa majani ya mgomba. Baada ya majuma matatu tugeuze, kisha tugeuze tena. Miezi mitatu hivi ikipita, mbolea imeiva: nyeusi, yavunjika mkononi, yanukia kama udongo wa msituni. Samadi mbichi isiguse mizizi, kwani huiunguza.

Majivu hupunguza uchachu wa udongo wa vilimani. Yale maua ya manjano ya kando ya njia, yanayofanana na alizeti, majani yake yana azoti nyingi: tuyakate, tuyafukie kabla ya kupanda. Maharagwe nayo tusiyang'oe. Tukate shina, mizizi ibaki ardhini pamoja na vifundo vyake. Tena tusichome magugu, maana azoti nyingi hupaa na moshi.

Shimo la kwanza halitatosha shamba zima. Gao moja katika kila tundu la mbegu, katika pembe moja, latosha kwa kuanza. Tunajua baba wa nyumba ataitaka mbolea yote kwa migomba yake, kwa ajili ya kasiksi. Lakini watoto hula maharagwe ya mama. Twamwombea mama nusu ya shimo.