Fibra optiki: ngozi nyembamba inayolinda intaneti yetu

Picha inayotumwa kwa simu kutoka Goma kwenda Brussels husafiri, kwa sehemu kubwa ya njia, ndani ya uzi wa kioo wenye unene unaokaribia unywele wa mtu. Kioo hicho ni kisafi sana, lakini peke yake hakiwezi kudumu. Kinachokiwezesha kuvumilia kupindwa, kuvutwa na kufukiwa kandokando ya barabara ni ngozi ya plastiki inayopakwa juu yake kiwandani.

Mwaka 1966, watafiti Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kupeleka mawasiliano mbali kwa njia ya mwanga. Mwaka 1970, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, walitengeneza uzi uliothibitisha jambo hilo. Kao alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Usafi pekee hautoshi. Kioo kipya kina nguvu, lakini kikiguswa tu, hata na chembe ya vumbi, hupata mipasuko isiyoonekana kwa macho. Unyevu huingia humo na, uzi ukiwa umevutwa, mipasuko hiyo hupanuka polepole. Uzi unaweza kukatika miaka mingi baada ya kufukiwa, wakati kiwanda kimekwisha kuusahau.

Mnarani, hakuna mkono unaougusa

Kwa sababu hiyo uzi hupakwa palepale unapozaliwa. Juu ya mnara, fimbo nene ya kioo hupashwa moto wa nyuzi 2,000 hivi za Selsiasi, kisha uzi huvutwa kwenda chini kwa kasi inayopita mita 1,000 kwa dakika. Ukipoa, hupita ndani ya kikombe chenye resini ya majimaji, halafu chini ya taa za miale ya urujuanimno zinazoikausha resini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kioo chenyewe kina kipenyo cha mikromita 125, yaani sehemu 125 kati ya sehemu 1,000 za milimita moja. Tabaka la kwanza, laini kama mto wa kulalia, hufikisha kipenyo kwenye mikromita 190 hivi. Kazi yake ni kuzuia mikunjo midogo inayofanya mwanga uvuje. Tabaka la pili, gumu, hufika karibu 245 na kuzuia mikwaruzo.

Leza badala ya rula

Uzi unaokimbia hivyo haupimwi kwa mkono. Miale ya leza huumulika kutoka pande tofauti, na kompyuta husoma kivuli chake. Kioo kikizidi unene, mashine huongeza kasi ya kuvuta; kikiwa chembamba, huipunguza. Unene wa ngozi hurekebishwa kwa kubadili joto na shinikizo la resini. Uzi ukiingia kikombeni ukiwa bado na moto, ngozi hutoka nyembamba mno.

Leza pia huonyesha kama kioo kimekaa katikati ya ngozi. Kikiegemea upande mmoja, upande huo hubaki bila kinga ya kutosha. Mafundi hutafuta pia mapovu ya hewa, na huhakikisha resini imekauka sawasawa. Oksijeni huharibu ukaukaji huo, ndiyo maana uzi hupita chini ya taa hizo ukiwa umezungukwa na gesi ya nitrojeni.

Mwishoni, uzi wote hunyooshwa kwa karibu asilimia 1 ya urefu wake. Penye udhaifu hukatikia kiwandani, si ardhini. Hupimwa pia nguvu inayohitajika kuibandua ngozi: isitoke ovyo, lakini isimshinde fundi anayeunganisha kebo iliyokatika.

Leo viwanda hutengeneza pia nyuzi za mikromita 200, ili nyingi zaidi zienee katika bomba lilelile. Ngozi ikipungua, nafasi ya kukosea nayo hupungua.

Kwa Kongo, yenye kebo ya bahari ya WACS huko Muanda, na ambayo mashariki yake hutegemea pia njia zinazopitia nchi jirani, uzi mmoja ukikatika huduma za benki na simu huyumba. Ngozi haiwezi kuzuia jembe la wachimba barabara. Huwazuia maadui wa polepole: maji, mkwaruzo na miaka.