Kwa Nini Makohozi Husubiriwa Wiki Nane?

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Qurus, wilayani Karatu, ambaye mumewe anafanya kazi ng'ambo naye anaomba kibali cha kumfuata huko. Miongoni mwa masharti ya ombi hilo ni kupimwa kifua kikuu. Hupanda basi hadi Arusha, kisha Dar es Salaam, ambako Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lina kituo cha kupima afya za wasafiri wa aina hii. Hupigwa picha ya eksirei, na katika picha hiyo huonekana kivuli kidogo juu ya pafu la kulia. Huambiwa arudi asubuhi tatu kutoa makohozi, halafu angoje majibu kwa muda unaoweza kufika wiki 8.

Habari hiyo ikimfikia mumewe, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: ikiwa zahanati ya kijijini hutoa jibu la malaria kwa dakika 15 au 20, makohozi yana nini hata yasubiriwe miezi miwili? Katika kungoja huko ndoa nyingi huingiwa na hofu, na wapo watu wanaojitokeza kuuza “njia ya mkato”. Kwa hiyo yafaa swali hilo lijibiwe kwa sayansi.

Kwanza, eksirei haioni ugonjwa. Miali yake hupita kwa urahisi mahali penye hewa na kuzuiwa mahali penye kitu kizito zaidi, kama mfupa, maji au kovu. Hapo ndipo picha huwa nyeupe. Kovu la kifua kikuu kilichopona zamani, nimonia ya juzi, au vumbi la mawe lililotulia mapafuni mwa mtu aliyechimba madini huko Mirerani, vyote vyaweza kuacha alama. Picha hutuambia kwamba jambo fulani limetokea. Haituambii lilitokea lini, wala kama lingali linaendelea. Tena inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa kifua kikuu, na kati ya hao ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaougua maishani mwao. Kivuli si hukumu.

Pili, hadubini. Robert Koch aliwatambulisha bakteria hawa mjini Berlin mwaka 1882, na njia ya kuwapaka rangi na kuwatazama ingali ikitumika. Lakini ili mpimaji awaone, yahitajika wawepo kiasi cha 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Mtu mwenye wachache kuliko hao huonekana hana kitu, naye huenda anaugua. Kwa sababu hiyo makohozi huoteshwa: huwekwa katika chakula cha bakteria na kutunzwa katika joto la mwili, nyuzi 37. Kimojawapo cha vyakula hivyo, ambacho bado ni maarufu, hutengenezwa kwa mayai ya kuku. Njia hii huwagundua hata wakiwa 10 hadi 100 tu kwa mililita.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanafunzi na achukue kalamu. Bakteria wa kawaida wa utumbo, *Escherichia coli*, akipata chakula kizuri hugawanyika kila dakika 20. Akigawanyika mara 24, mmoja huwa 16,777,216, na kazi hiyo huchukua dakika 480, yaani saa 8. Bakteria wa kifua kikuu ana ganda nene lenye nta, na hugawanyika mara moja kwa saa 20 hivi. Migawanyiko hiyo hiyo 24 humchukua saa 480, yaani siku 20. Tena maabara humtia kwanza katika dawa kali ya kuua vijidudu vingine vya kinywani, ambayo humdhoofisha hata yeye. Wakiwa wachache, huchelewa zaidi. Wiki 8 si uzembe wa karani.

Msomaji atauliza: je, vile vipimo vipya vinavyotambua vinasaba kwa saa mbili? Ni vizuri mno, na hospitali zetu nyingi zinavyo. Ila huweza kutambua vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa, kama kwa mtu aliyetibiwa miaka michache iliyopita. Anayeota ni aliye hai.

Basi mwombaji afanye nini? Alete picha zake za zamani na kadi ya matibabu, iwe ya Kibong'oto au ya hospitali nyingine yoyote, kwa kuwa kivuli kisichobadilika kwa miaka humsaidia daktari sana. Atoe makohozi ya kutoka ndani ya kifua, asubuhi, wala si mate. Asinywe dawa za vijiuasumu kwa siri ili “asafishe” kifua: baadhi ya dawa hizo huwadumaza bakteria bila kuwaua wote, na jibu la kweli hufichika. Kuhusu kutoa makohozi ya mtu mwingine, licha ya kuwa ni udanganyifu, ni kumpelekea mwenzi ugonjwa nyumbani. Nauli na malazi ya siku za ziada Dar es Salaam yapangwe tangu mwanzo.

Bakteria wakiota, ombi husimama, halifi. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na nchini Tanzania hutolewa bure. Mgonjwa hutakiwa ameze dawa mbele ya mhudumu. Waombaji wengi huona sharti hilo kuwa la kigeni na la kudhalilisha. Kwa kweli lilijengwa hapa kwetu: mpango wa taifa wa kifua kikuu ulioanza mwaka 1977, kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi maskini yaweza kuponya wagonjwa wake kwa usimamizi wa namna hiyo, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza ulimwenguni.

Wasipoota, cheti hutolewa. Kwa wanaokwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6, cheti hicho hutumika kwa miezi 6 tu. Tarehe yake isomwe siku hiyo hiyo kinapopokelewa.